Imla Yenye Mapengo: Kumlea Mtoto Mwenye Kifafa cha Kuzubaa

Yamkini umewahi kumwona mwanafunzi ambaye katikati ya somo hunyamaza ghafla, macho yakiwa wazi lakini hayatazami kitu, kisha baada ya sekunde chache huendelea na kazi yake kana kwamba hapakutokea jambo lolote. Ikiwa wewe ni mwalimu, labda ulimkaripia. Ikiwa wewe ni mwanafunzi, labda ulicheka pamoja na wenzako. Makala haya yanamhusu mtoto wa namna hiyo. Yataeleza ugonjwa wake ni nini, kwa nini haueleweki hata kwa watu waliosoma, na mwalimu anaweza kufanya nini. Nitaanza na mtoto wetu wenyewe, kwa kuwa kosa la kutoelewa lilikuwa langu kabla halijawa la mtu mwingine.

MAMBO TULIYOYAONA

Mwaka 2017 binti yetu alikuwa na umri wa miaka minane. Asubuhi moja alikuwa akimimina chai. Kikombe kilijaa, chai ikafurika katika kisahani na kuenea mezani, naye akaendelea kumimina huku akitazama mbele. Nilimpigia kelele, hakushtuka. Mara akatazama chini, akaona meza imelowa, akaanza kulia. Hakujua chai imemwagika vipi. Nami, badala ya kujiuliza kwa nini mtoto asisikie sauti ya baba yake aliye hatua mbili tu kutoka kwake, nilimwambia kwamba mtu mwenye adabu hutazama anachokifanya.

Shuleni mambo hayakuwa mema zaidi. Ripoti ya muhula ilisema ana akili lakini hazingatii. Alikuwa amechapwa mara kadhaa kwa kutoitika anapoitwa, na watoto wenzake walikwisha kumpa jina la Zuzu.

Bibi yake, alipokuja kukaa nasi likizo ile, alimtazama kwa siku tatu, kisha akaniita pembeni. Alisema, "Mwanangu, usimpige mtoto huyu. Anaitwa. Ndiyo maana hasikii tunapomwita sisi." Alitaka tumpeleke kwa mtu anayejua kuzungumza na hao wanaomwita.

Nilikataa, tena kwa kiburi. Watu huniita Daktari, lakini udaktari wangu ni wa fizikia. Nilikaa ng'ambo miaka minne nikijifunza namna ya kutambua ishara dhaifu za umeme zilizojificha katikati ya makelele. Hata hivyo, tukilinganisha maelezo yetu, bibi alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi na shule. Sisi tuliona utovu wa adabu. Yeye aliona kwamba katika nyakati zile mtoto hakuwapo. Alilolitazama alilitazama sawasawa. Tafsiri yake tu ndiyo iliyokosea.

DAFTARI LA IMLA

Aliyetufungua macho ni mwalimu wake wa Kiswahili. Alituita shuleni, akaweka daftari la imla mezani na kusema, "Mzazi, naomba utazame hapa." Sentensi aliyoisoma ilikuwa: "Juma alikwenda shambani pamoja na baba yake kuvuna mahindi." Binti yetu alikuwa ameandika: "Juma alikwenda sham", kalamu ikachora mstari mfupi wa kuteremka, kisha, "kuvuna mahindi". Ukurasa mzima ulikuwa hivyo.

Mwalimu yule alieleza jambo ambalo mtaalamu yeyote wa utafiti angeona fahari kulisema. Mtoto mvivu, alisema, huacha kazi mwishoni. Mtoto asiyejua huandika neno na kulikosea. Huyu hakufanya hayo. Maneno aliyoyaandika yote yalikuwa sahihi. Yale mengine hayakuwapo kabisa. Kwa muda wa wiki moja mwalimu alikuwa ameandika nyuma ya daftari lake saa na dakika ya kila mzubao aliouona. Katika asubuhi moja ya vipindi vitano alihesabu 23. Kila mmoja ulichukua sekunde kati ya saba na kumi na mbili.

Hebu tufanye hesabu. Mizubao 23 ya sekunde kumi kila mmoja ni sekunde 230, yaani hazifiki hata dakika nne. Mtu anaweza kusema kwamba dakika nne si kitu. Lakini hazikupotea pamoja. Zilipotea vipande vipande, na kila kipande kilikata sentensi ya mwalimu. Mwalimu akisema, "Gawanya kwa mbili, kisha ongeza saba," mtoto husikia, "Gawanya, saba." Ndiyo maana mtoto wa namna hii anaweza kuonekana mjinga katika hesabu ilhali akili yake ni nzima.

KARATASI YA KUPULIZA

Tulipelekwa kwa daktari wa watoto. Baada ya kusoma orodha ya mwalimu alimpa binti yetu kipande cha karatasi, akamwomba akipulize kwa nguvu na kwa mfululizo, kama anayechochea moto wa mkaa. Baada ya dakika moja na nusu hivi, mtoto aliacha kupuliza. Macho yalikaza mbele na kope zikachezacheza. Daktari alitamka kwa sauti ya kawaida, "Machungwa." Baada ya sekunde tisa mtoto akaendelea kupuliza pale pale alipokuwa ameachia. Daktari akamwuliza, "Nimesema neno gani?" Akajibu, "Hujasema neno, shangazi."

Mwanafunzi wa kemia na baiolojia ataweza kuifahamu sababu ya jaribio hili. Kupumua kwa haraka na kwa nguvu huitoa hewa ya kaboni dayoksaidi katika damu kwa wingi kupita kawaida. Asidi ya damu hupungua, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa kidogo, na ubongo wenye mwelekeo wa ugonjwa huu huingia katika mzubao. Msomaji asijaribu jambo hili darasani. Ni kipimo cha daktari, na lazima daktari awepo.

Baadaye, katika hospitali kubwa, binti yetu alipimwa umeme wa ubongo. Vitufe vidogo vya chuma vilibandikwa kichwani pake, na mashine ikachora mistari. Ilikuwa mistari midogo isiyo na mpangilio, hadi ghafla yote ikapanda kwa pamoja na kuwa milima mikali na mabonde, mitatu kila sekunde, kwa kadiri ya sekunde kumi. Kisha ikarudi kama mwanzo. Hapakuwa na haja ya kunifafanulia. Hiyo ndiyo ishara niliyofundishwa kuitafuta, na ilikuwa imekaa nyumbani mwangu kwa zaidi ya mwaka mmoja.

UMEME WA UBONGO

Ubongo wa mtu una seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Kila seli inapopumzika huwa na tofauti ya umeme kati ya ndani na nje ya kuta zake, nayo ni takriban milivolti 70, yaani sehemu 70 za elfu za volti moja. Seli inapotaka kupeleka habari, milango midogo katika kuta zake hufunguka, ioni za sodiamu huingia, kisha ioni za potasiamu hutoka, na msukumo wa umeme husafiri hadi seli ya pili.

Fikiri juu ya soko kubwa, kama lile la Kariakoo, wakati wa asubuhi. Maelfu ya watu wanasema kwa wakati mmoja. Huyu anauliza bei, yule anahesabu chenji, mwingine anamwita mchukuzi. Ukisimama mbali husikii ila mvumo, lakini kila neno lina maana kwa jirani aliyekusudiwa. Ubongo wenye afya hufanya kazi hivyo. Sasa fikiri kwamba ghafla soko zima linatamka neno moja, kwa pamoja, mara tatu kila sekunde. Sauti itakuwa kubwa zaidi kuliko mwanzo, lakini hakuna biashara itakayofanyika. Hiyo ndiyo hali ya kifafa: seli nyingi mno hufyatua umeme kwa pamoja, na kazi ya sehemu hiyo ya ubongo husimama.

Katika kifafa cha kuzubaa, ambacho zamani madaktari walikiita kifafa kidogo, mpigo huo hupita na kurudi baina ya gamba la ubongo na kituo kilicho katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi, ambacho hupokea habari za macho na masikio na kuzigawa. Kituo hicho kikishikwa na mpigo mmoja, habari hazipiti. Mtoto haanguki wala hatoi povu, kwa sababu misuli yake haikamatwi. Fahamu ndiyo huondoka, kisha ikarudi.

Mjerumani Hans Berger ndiye mtu wa kwanza kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu, mwaka 1924, na alitangaza kazi yake mwaka 1929. Miongoni mwa aliowapima alikuwa mwanawe mwenyewe, Klaus. Mwaka 1935 wataalamu Gibbs, Davis na Lennox, huko Boston, Marekani, walieleza ile michoro ya mara tatu kwa sekunde. Basi jambo hili si geni katika sayansi. Limejulikana tangu wakati huo, ingawa habari zake bado hazijafika katika madarasa yetu mengi.

Kifafa cha namna hii aghalabu huanza kati ya umri wa miaka minne na kumi. Mwelekeo wake hurithiwa kwa kiasi fulani, na ndiyo maana huonekana zaidi katika baadhi ya koo. Wazee wetu waliliona jambo hilo wakasema ukoo fulani umelaaniwa. Kinachorithiwa si laana, bali ni jinsi milango ya seli inavyofunguka na kufungwa, kama vile mtu anavyorithi umbo la pua.

DAWA YA AINA GANI?

Hapa lazima nitoe onyo. Kabla ya kumwona daktari yule wa watoto, tulikwenda katika kituo kimoja cha afya, na baada ya kutusikiliza kwa haraka walitupa kabamazepini. Ni dawa nzuri kwa aina nyingine za kifafa, lakini kwa kifafa cha kuzubaa inaweza kuzidisha ugonjwa. Kwa binti yetu ilizidisha. Fenobabitoni, ambayo Alfred Hauptmann alionyesha faida yake katika kifafa mwaka 1912, na ambayo kwa bei yake ndogo imewasaidia watu wengi sana, hutuliza kifafa cha kuanguka lakini haifai kwa mizubao. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba mtoto ana kifafa. Ni lazima ijulikane ni kifafa gani.

Dawa zinazofaa hapa ni hasa mbili. Ethosuksimidi huziba milango ya kalisiamu katika seli za thalamasi, na kwa njia hiyo huvunja ule mpigo. Valproeti ilitambuliwa huko Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa bahati tu: watafiti waliitumia kama kiyeyushio cha dawa nyingine walizokuwa wakizijaribu, wakaona kila walichokiyeyusha humo kinazuia kifafa, mpaka wakagundua kwamba kinachofanya kazi ni kiyeyushio chenyewe. Valproeti inaweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, kwa hiyo haifai kwa wasichana waliofikia umri wa kuzaa, na madaktari huwa waangalifu hata kabla ya umri huo. Binti yetu alipewa hiyo kwa kuwa ndiyo iliyopatikana, na tulielezwa tangu siku ya kwanza kwamba ingebidi iachwe au ibadilishwe kabla hajavunja ungo.

Baada ya wiki tano mizubao ilikuwa imekoma. Mwaka 2020, kwa maagizo ya daktari, dozi ilipunguzwa kidogo kidogo hadi ikaachwa. Watoto wengi wenye aina hii hupona wanapokaribia utu uzima. Lakini asiwepo mzazi anayeacha dawa kwa kuona tu kwamba mtoto ni mzima. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kikali cha mfululizo, na hicho ni hatari kwa maisha.

KAZI YA KULEA

Dawa hutuliza umeme. Hazifuti jina la Zuzu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mtoto wetu alikuwa amefundishwa na watu wote anaowapenda kwamba yeye ni mkaidi na mjinga, naye aliamini. Hata baada ya kupona aliendelea kuuliza mara mbili mbili, "Umesema nini?" ingawa alikuwa amesikia. Mama yake alianza kukaa naye kila jioni, wakifanya imla fupi ya sentensi tano, ili aone kwa macho yake kwamba mapengo hayapo tena. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko dawa.

Jambo la pili ni hatari. Sekunde kumi ni ndefu kwa mtoto anayevuka barabara, anayeogelea, anayepanda mwembe au anayeinjika chungu motoni. Katika miezi ile ya kwanza hatukumwacha kisimani wala ufukweni peke yake, lakini pia hatukumfungia ndani. Mtoto anayefungiwa hujifunza kujiogopa.

Jambo la tatu ni siri. Nakiri kwamba mwanzoni nilimwambia mke wangu tusimweleze mtu, kwa sababu neno kifafa ni zito katika nchi yetu. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, ambako daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa kiasi cha mwaka 1960, alikuta wagonjwa waliotengwa, kwa imani kwamba mate yao huambukiza. Imani hiyo haijafa hadi leo. Lakini kuficha kulimaanisha kwamba walimu wengine wangeendelea kumchapa. Tuliporuhusu mwalimu awaeleze wenzake, na baadaye awaeleze wanafunzi wa darasa lile kwa mfano wa soko, vicheko vilikoma katika muda wa siku chache. Mtoto mmoja aliyekaa dawati moja naye alichukua kazi ya kumwonyesha kwa kidole mahali waliposimama katika kitabu. Hakuna aliyemtuma.

AINA NYINGINE ZA KIFAFA

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kupatwa na kifafa kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Wengi wao si wa kuzubaa bali ni wa kuanguka, na sababu ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda ubongoni, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa, au vijitegu vya minyoo tegu wa nguruwe vilivyoingia ubongoni. Baadhi ya sababu hizi huambukiza, lakini kifafa chenyewe hakiambukizi, wala kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa. Wala degedege la homa si kifafa. Watoto wengi waliolipata hawapati kifafa baadaye.

MWALIMU AFANYE NINI?

(a) Akimwona mtoto anazubaa mara kwa mara, amtofautishe na mtoto anayewaza mambo yake. Anayewaza huzinduka akiitwa au akiguswa begani. Mwenye kifafa hazinduki mpaka mzubao wenyewe uishe. Huweza kukatika katikati ya neno analolisema, na baadaye hakumbuki.

(b) Aandike tarehe, saa, muda kwa sekunde na mambo aliyoyaona: kope, midomo, mikono. Orodha hiyo ina thamani kubwa kwa daktari kuliko maelezo marefu ya mzazi.

(c) Awaite wazazi kwa faragha, awaonyeshe madaftari, na awashauri waende hospitali. Asitamke jina la ugonjwa mbele ya darasa kabla wazazi hawajakubali.

(d) Akirudia maelekezo, ayarudie kwa darasa zima, na ayaandike ubaoni, ili mtoto asiaibike.

(e) Mwanafunzi akianguka na kutupwatupwa, aondoe vitu vigumu vilivyo karibu, amwekee kitu laini chini ya kichwa, alegeze kola, na mitikisiko ikipungua amlaze ubavu. Asimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, asimkandamize, asimnyweshe maji. Atazame saa. Ikipita dakika tano, au kifafa kikirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja.

Yapata mwaka 400 kabla ya Kristo, kitabu kimoja cha tiba cha Wagiriki kinachohusishwa na Hippocrates kilieleza kwamba ugonjwa huu, ambao watu wa wakati ule waliuita mtakatifu, hautoki kwa miungu bali hutoka ubongoni. Wakati ule hapakuwa na mashine ya kupimia umeme. Palikuwa na mtu aliyetazama kwa makini.

Binti yetu leo yuko sekondari. Mwalimu wake wa Kiswahili hana maabara, hana shahada kubwa, na darasani mwake mlikuwa na watoto zaidi ya sitini. Alikuwa na saa ya mkononi na kalamu nyekundu. Ndugu mwalimu, vyombo hivyo unavyo. Mtoto akikaa kimya unapomwita, kabla hujanyoosha mkono kuchukua fimbo, tazama saa yako na uhesabu hadi kumi.